Barua ya Wazi kwa Spika na Rais wa Seneti wa Massachusetts: Kura Zenu Zije na Majina

Kwa Mheshimiwa Spika wa Baraza la Wawakilishi,
na kwa Mheshimiwa Rais wa Seneti,
Bunge la Massachusetts, Beacon Hill, Boston.

Waheshimiwa,

Kwanza pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mpiga kura wa mji mmoja wa Bonde la Merrimack, kaskazini ya Boston, mzaliwa wa pwani ya Kenya, na kwa miaka kadhaa sasa nimebeba kazi ndogo isiyo na malipo niliyopewa na wenzangu wa chama chetu cha kuchangiana: kuandika, mbunge kwa mbunge, jinsi wawakilishi na maseneta wa jimbo hili wanavyopiga kura katika mambo yanayotugusa sisi wahamiaji, wapangaji na watu wa zamu za usiku. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma kwenye ofisi zenu. Hii ya Kiswahili nimeiacha wazi kwa sababu wanaostahili kuisoma pamoja nanyi wako Lowell, Worcester na Springfield, ambako Kiswahili cha Mombasa, cha Nairobi na cha Bukavu husikika makanisani, misikitini na katika vyumba vya mapumziko vya nyumba za kulea wazee. Wengi wao wanalijua jina la Rais wa Marekani, na wapo wanaoweza kukutajia maseneta wa Washington, lakini ukiwauliza ni nani anayewasemea Beacon Hill watakutazama tu. Na huyo ndiye mwenye kura juu ya leseni ya udereva, kodi ya nyumba, fedha za shule, na masharti ya kazi katika nyumba hizo hizo za wazee.

Jedwali lenyewe si kitu cha kujivunia. Lilianzia katika daftari la hesabu, na ingawa siku hizi liko pia kwenye kompyuta, ni daftari ndilo linaloletwa kikaoni. Upande wa kushoto pana majina 200, yaani 160 ya Baraza la Wawakilishi na 40 ya Seneti. Juu pana safu za miswada. Ndiyo naiandika kwa wino wa kijani, la kwa mwekundu, na pale ambapo hakuna kura iliyowekwa kwenye kumbukumbu naacha nafasi tupu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, michango ikishahesabiwa na chai ikishamiminwa, daftari hupita mkono kwa mkono, na swali huwa lile lile: huyu wetu alipiga vipi?

Ipo safu moja iliyojaa mpaka chini. Ni ile ya sheria ya leseni za udereva, inayomruhusu mkazi wa Massachusetts kufanya mtihani na kupata leseni ya kawaida bila kujali hali ya makaratasi yake ya uhamiaji. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mswada huo Februari 2022 kwa kura 120 dhidi ya 36, Seneti ikafuata mwezi Mei kwa 32 dhidi ya 8, Gavana Charlie Baker akautilia kura ya turufu mwezi huo huo, na Juni mkaibatilisha turufu yake kwa 119 dhidi ya 36 katika Baraza na 32 dhidi ya 8 katika Seneti. Waliopinga wakakusanya saini, suala likapelekwa kwa wananchi Novemba 2022, na takriban asilimia 54 wakaiunga mkono sheria, ikaanza kutumika Julai 1, 2023. Nimeyataja haya yote kwa kirefu kwa sababu kila hatua ina hesabu, na kila hesabu ya bunge ina majina nyuma yake. Niliweza kuiweka orodha ya Februari kando ya ile ya Juni na kuona ni nani aliyebaki pale pale gavana alipokunja uso. Wenzangu wawili katika chama walimwandikia mbunge wao kumshukuru. Mwingine, ambaye mbunge wake alikuwa miongoni mwa wale 36, alimwandikia vilevile, kwa adabu, kumweleza mpwa wake anakwendaje kazini saa kumi na moja alfajiri wakati wa theluji. Barua zote tatu zilijua zinazungumza na nani, na juu ya tendo gani.

Sasa tazameni safu iliyo pembeni yake. Hiyo ni ya mswada wa Jamii Salama, unaokusudia kuwatenganisha polisi wa miji yetu na kazi ya maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Uliwasilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, ukawasilishwa tena katika kila kikao cha miaka miwili kilichofuata, ukajaza vyumba vya kusikilizia maoni, na ukapata wadhamini wenza wengi, yaani wabunge walioweka majina yao kuuunga mkono. Hata hivyo, tangu mwaka huo hadi kikao cha 2023–2024 kilipofungwa, Baraza la Wawakilishi lote halikuwahi kuupigia kura. Katika daftari langu safu ile ina majina 160 na nafasi 160 tupu. Simlaumu anayeupinga, kwa kuwa anayo haki ya kuupinga na huenda watu wa eneobunge lake wanakubaliana naye. Ninachosema ni kwamba sijui ni nani anayeupinga, na siwezi kujua.

Mwaka mmoja nilimwendea mwakilishi mmoja, ambaye sitalitaja jina lake wala mji wake, nikamwuliza juu ya mswada huo. Alinipokea vizuri, akanionyesha jina lake katika orodha ya wadhamini wenza. Nikamwuliza kama aliwahi kuiomba kamati iutoe, au kuwaomba viongozi wauite ukumbini. Akatabasamu, akaniambia kuwa mambo ya kamati ni ya kamati. Niliondoka na kalenda ya mwaka mpya yenye picha ya kuba la dhahabu la jengo lenu, na nafasi tupu ikabaki tupu. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba udhamini wa mswada unaweza kuwa kama ahadi ya harusini: anayeitoa anashangiliwa papo hapo, na hakuna anayeandika kama fedha zilifika.

Waheshimiwa, naomba niseme jinsi kura zinavyopotea, kwa sababu baadhi ya wasomaji wangu hudhani kwamba mbunge hupitisha siku nzima akibonyeza kitufe mbele ya kamera. Sifa yenu moja ni kubwa na lazima itajwe: katika Massachusetts raia yeyote anaweza kupeleka ombi la sheria kupitia mbunge wake, na kila mswada hupewa siku ya kusikilizwa hadharani. Majimbo mengi ya Marekani hayana ukarimu huo. Lakini baada ya mlango kuwa mpana hivyo, njia huwa nyembamba. Miswada mingi huishia kamatini kwa kile kinachoitwa agizo la uchunguzi. Kwa nje agizo hilo linasikika kama heshima, kana kwamba mswada umekabidhiwa wataalamu. Kwa ndani kila mfanyakazi wa Beacon Hill anajua kwamba aghalabu hakuna anayeuchunguza, na kwamba kuupeleka huko ni kuuzika bila matanga. Kwa miaka mingi kura za kamati zilipigwa kwa barua pepe, zikiwa na saa chache za kujibu, na mwananchi aliambiwa matokeo tu.

Ukumbini nako kuna kura ya sauti. Msomaji wa Kiswahili anaijua hii vizuri: spika anawauliza wanaokubali waseme ndiyo na wasiokubali waseme siyo, kisha anatangaza kuwa waliosema ndiyo wameshinda, hata kama sikio lako lilisikia vingine. Nimewahi kukaa kwenye roshani ya wageni wakati wa kikao kisicho rasmi. Chini yangu hawakuwa wamefika watu kumi. Karani alisoma namba za miswada kwa kasi ya mtu anayeita abiria stendi, nyundo ikagonga, namba nyingine, nyundo tena, na juu ya vichwa vyao alining'inia yule samaki wa mbao ambaye amekuwa nembo ya Baraza hilo tangu karne ya 18. Mimi mtu wa pwani nilimtazama samaki kuliko nilivyotazama shughuli, maana shughuli haikuwa na kitu cha kuandika.

Kanuni za Baraza hazizuii kura ya majina. Wakisimama wawakilishi 16 kuiomba, inapigwa. Kumi na sita kati ya 160, katika Baraza ambamo chama kimoja cha siasa kina viti zaidi ya 130! Kwa hiyo tatizo halipo katika kanuni iliyoandikwa. Lipo katika gharama ya kusimama. Spika ndiye anayewateua wenyeviti wa kamati, uenyekiti una posho yake juu ya mshahara, ofisi zina ukubwa tofauti na watumishi wa idadi tofauti, na mbunge mpya hujifunza upesi kwamba anayemlazimisha mwenzake kuonekana hapendwi. Sitii chumvi nikisema kwamba wabunge wanaojiita wa kimaendeleo kwenye vipeperushi vyao ndio wanaonisikitisha zaidi hapa, kwa kuwa idadi yao inatosha kusimama na mara nyingi hukaa.

Kuna mbinu nyingine iliyo nyororo kuliko kura ya sauti. Januari 2022, suala la kuwaruhusu wananchi kujiandikisha na kupiga kura siku hiyo hiyo lilipoletwa Barazani kama marekebisho, kura ya majina ilipigwa, lakini si juu ya suala lenyewe: ilipigwa juu ya pendekezo la kulipeleka likafanyiwe uchunguzi kwanza. Mbunge aliyekubali uchunguzi anaweza leo kumwambia mpiga kura mmoja kwamba hakuupinga usajili wa siku hiyo hiyo, na kumwambia mwingine kwamba aliuzuia, na katika vikao vyote viwili atakuwa hajasema uongo. Mimi mwenye daftari niandike kijani au nyekundu? Niliandika kwa penseli.

Na ipo bajeti. Kila mwezi Aprili wawakilishi huleta marekebisho zaidi ya elfu moja juu ya bajeti ya jimbo: fedha za zahanati fulani, masomo ya Kiingereza kwa watu wazima, msaada wa kodi ya nyumba kwa familia zinazokaribia kufukuzwa. Kwa siku chache marekebisho hayo hukusanywa kwa mada, yakajadiliwa faraghani, yakatoka yakiwa mafungu makubwa machache, na kila fungu likapigiwa kura ya majina ambayo karibu kila mmoja husema ndiyo. Kwenye karatasi hii ni kura safi kabisa, yenye jina la kila mtu. Lakini jina lililowekwa kwenye gunia halisemi lolote juu ya punje. Mbunge aliyeomba fedha za masomo ya Kiingereza na akazikosa, na mbunge aliyesema ndani ya chumba kwamba zisitolewe, wote wanaonekana wamepiga kura moja, rangi moja, mstari mmoja.

Ndiyo sababu naona kazi ya kuwafuatilia wabunge, inayofanywa na makundi mengi, ina kasoro ambayo wenyewe hawawezi kuiondoa. Progressive Massachusetts hutoa jedwali lake la alama kwa mtazamo wa mrengo wa kimaendeleo. Massachusetts Fiscal Alliance hutoa la kwake kwa mtazamo wa kihafidhina. Nimeyasoma yote mawili, na nakiri kwamba nalielekea la kwanza. Lakini yote mawili hupima kwa fimbo mliyoikata ninyi. Mkiruhusu kura chache zenye mabishano, mbunge anayesema ndiyo kwa kila linaloletwa na Spika atapata alama nzuri pale Spika anapokuwa na moyo mwema, na alama mbaya pale Spika anapobadili nia, bila yeye mwenyewe kuwahi kuwa na rai. Alama ya asilimia tisini haimwambii mpiga kura wa Lowell kama mtu wake aliupigania mswada au alisubiri kuona upepo. Ningependa wanaotoa alama hizo waliseme hili kwa sauti kubwa zaidi kuliko wanavyosema sasa, lakini barua hii si yao.

Kwa upande mwingine, kura ya majina inayoshindwa nayo ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Julai 2020, wakati watu wengi walikuwa wamepoteza kazi kwa sababu ya korona, Baraza lilipigia kura pendekezo la kuirudishia miji uwezo wa kuweka kikomo cha kodi ya nyumba, uwezo uliofutwa kwa kura ya wananchi ya mwaka 1994. Lilishindwa vibaya. Katika chama chetu kulikuwa na masikitiko, lakini pia kulikuwa na kitu cha kushika: tuliona wazi kwamba wengi tuliodhani ni wenzetu katika jambo hilo si wenzetu, tukaacha kupoteza muda kuwashukuru. Mpangaji mmoja, mzee wa Kitanzania anayependa maneno machache, aliipitisha kidole safu yote nyekundu kisha akasema, "Haya, sasa tunajuana." Tangu hapo amekuwa akihudhuria kila mkutano wa hadhara wa mbunge wake na kumwuliza swali hilo hilo kwa Kiingereza chake cha taratibu.

Si haki nikanyamazia mliyoyafanya mwaka 2025. Kwa vikao viwili mfululizo, cha 2021–2022 na cha 2023–2024, mabaraza yenu mawili yalishindwa kukubaliana juu ya kanuni za pamoja, na mojawapo ya mambo yaliyowakwaza lilikuwa hili hili la kuzitangaza kura za kamati. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilikataa pendekezo la kuzitangaza zote, likaridhika kutaja majina ya waliopinga tu, ingawa mwaka mmoja kabla yake wapiga kura wa maeneobunge 16 walikuwa wameulizwa suala hilo kwenye karatasi zao na kujibu kwa wingi mkubwa kwamba zitangazwe. Hatimaye Juni 2025 mkaafikiana: kura za kamati ziwekwe kwenye tovuti ya Bunge, tangazo la kusikiliza miswada litolewe siku nyingi zaidi kabla, na muhtasari wa mswada uandikwe kwa lugha ya mtu wa kawaida. Nilipoiona kura ya kwanza ya kamati yenye majina niliipigia mistari miwili kwenye daftari. Hilo ni jambo jema na mlistahili shukrani mlizopata.

Hata hivyo, kura ya kamati iliyotangazwa bado inategemea kamati ipige kura. Mswada unaoongezewa muda, kisha ukaongezewa tena, hauna kura ya kutangaza. Na kura zinapotangazwa hutolewa moja moja, kila mswada na ukurasa wake, hivi kwamba anayetaka kujua mbunge mmoja amefanya nini kwa miaka miwili lazima afungue kurasa mamia na kunakili kwa mkono. Mimi hufanya hivyo Jumapili jioni, nikiwa nimetoka zamu, na nakubali kwamba ninakosea. Mwaka jana nilimwandikia seneta mmoja nyekundu aliyostahili mwenziwe wa jina linalofanana, na ilinibidi nimwombe radhi mbele ya watu. Ofisi zenu zina makarani na mitambo. Zinajua tayari, katika faili moja, ni nani alisema nini. Tunachopewa sisi ni faili hilo likiwa limekatwa vipande.

Najua mtakavyojibu, kwa kuwa mmekwisha kujibu. Mtasema kwamba maridhiano yanahitaji faragha, kwamba mbunge anayetazamwa kila dakika hawezi kubadili msimamo, na kwamba wapinzani huleta marekebisho ya mtego ili baadaye wachapishe vipeperushi vya kumchafua mtu. Hoja ya mwisho ni ya kweli, na nimeviona vipeperushi vyenyewe. Vingine vilihusu sheria ile ya leseni, na vilikuwa vibaya. Lakini wale 119 waliopiga kura Juni 2022 walijua vitakuja, wakapiga hata hivyo, na wananchi walipoulizwa miezi mitano baadaye waliwaunga mkono. Kuhusu faragha, hakuna anayeomba kamera ndani ya chumba cha mazungumzo. Wazee wa kwetu nao huenda kando kunong'onezana kabla ya kutoa uamuzi, ila wakirudi barazani kila mmoja husema neno lake mbele ya waliokaa, wala hakuna mzee anayeruhusiwa kuamua akiwa bado kando.

Wasomaji wangu Wakenya watakumbuka Juni 25, 2024. Bunge la Nairobi lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na kabla ya jua kutua orodha ya majina ya waliosema ndiyo ilikuwa imefika kwenye simu zetu huku, katikati ya zamu, ikiwa na eneobunge la kila mmoja. Siku ile ilikuwa ya majonzi, watu walikufa, na siitaji kama mfano wa kuigwa wa jinsi bunge na raia wanavyopaswa kukutana. Naitaja kwa sababu ya aibu ndogo iliyonipata jioni ile: nilijua mbunge wa Kilifi alipiga vipi dakika chache baada ya kura, nikiwa umbali wa bahari na bara zima, ilhali sikuweza kujua mwakilishi ninayemlipia kodi hapa alikuwa na msimamo gani juu ya mswada uliokuwa umekaa kamatini kwa miaka saba.

Katiba ya Massachusetts, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na John Adams na kuanza kutumika mwaka 1780, inasema katika ibara ya tano ya Tamko la Haki kwamba mamlaka yote yanatoka kwa watu, na kwamba wenye vyeo, wawe wa kutunga sheria, wa kutekeleza au wa kuhukumu, ni mawakala wao na wanawajibika kwao nyakati zote. Haisemi kila baada ya miaka miwili. Katiba hiyo hiyo inaagiza kwamba kura ya kuibatilisha turufu ya gavana ipigwe kwa majina na majina yaingizwe kwenye kumbukumbu za umma, na ndiyo maana ile safu ya leseni imejaa. Waliokuwa wakiandika kwa kalamu za manyoya waliona umuhimu wa majina. Tena wananchi wenu wamewakumbusha juzi tu: Novemba 2024 takriban asilimia 72 walikubali kwamba Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo alikague Bunge, na namna mlivyolipinga agizo hilo imewafanya hata wasiofuata siasa waulize kuna nini ndani.

Kwa hiyo naomba, kwa niaba ya wale walionituma. Mswada unaodhaminiwa na zaidi ya nusu ya wabunge wa baraza husika uitwe ukumbini na upigiwe kura ya majina kabla ya Julai 31 ya mwaka wa pili wa kikao, tarehe ambayo vikao rasmi hukoma, hata kama viongozi wanajua utashindwa. Wadhamini wenyewe watapata nafasi ya kutuonyesha kama walimaanisha. Kamati inayopeleka mswada kwenye uchunguzi itaje ni nani atauchunguza na ni lini ataleta majibu, au iseme waziwazi kwamba inaukataa. Marekebisho ya bajeti yanapofungwa gunia moja, orodha ya yaliyoachwa nje itolewe siku hiyo hiyo, ikionyesha aliyeyaleta na kama aliyaondoa mwenyewe au yalikataliwa. Na kura zote, za ukumbini na za kamati, ziwekwe katika faili moja linaloweza kupakuliwa, mbunge kwa mbunge, kuanzia kikao hiki kurudi nyuma hadi kumbukumbu zenu zinapofika. Hili la mwisho halihitaji sheria mpya wala maridhiano ya mabaraza mawili. Linahitaji karani mmoja na alasiri moja, na mkilifanya nitaifunga kazi yangu ya Jumapili jioni kwa furaha.

Kuna jambo moja nalisisitiza kuliko mengine, nalo ni miswada inayorundikana mwishoni mwa Julai. Kikao cha 2024 kilikesha usiku wa Julai 31 na kuingia asubuhi ya Agosti 1, kikamalizika na miswada mikubwa, ukiwemo ule wa nishati safi, ikiwa bado mikononi mwa kamati za maridhiano za mabaraza mawili. Mmekwisha kulegeza kanuni ili ripoti za kamati hizo zishughulikiwe baada ya tarehe hiyo. Tafadhali muda huo wa ziada usiwe muda wa kura za sauti mbele ya viti vitupu. Mambo yaliyosubiriwa miaka miwili yanastahili kuitiwa watu, na watu hao waandikwe.

Chama chetu kinakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi alasiri, katika chumba cha chini cha kanisa, na daftari litakuwepo mezani pamoja na kalamu zote mbili. Mwakilishi au seneta yeyote anakaribishwa kuja kuijaza nafasi yake mwenyewe, kwa mkono wake, katika safu ya mswada wa Jamii Salama. Chai ipo, na mandazi. Tutamwuliza achague rangi.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mweka daftari wa chama,
Bonde la Merrimack, Massachusetts